Kidole Kisichosikia

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtu pale Kipawa alikuwa anajenga, na kila aliyejenga alitaka geti. Mie niliishia darasa la tatu, lakini mageti yangu yapo mpaka leo, nenda kayatikise. Nilikuwaga nachomelea tangu asubuhi mpaka jua linazama, tumboni nina chai kavu tu. Tumbo likianza kuuma, natafuna aspirini mbili, naendelea.

Maduka ya dawa yalikuwa yamezuka kila kona na hakuna aliyekuuliza unaumwa nini. Aspirini nilizinunua nyingi, nikaziweka kwenye kopo karibu na mashine. Mke wangu akinihimiza nile kwanza, namjibu kwamba sikuolewa na tumbo hata linitawale. Mafundi wenzangu walilalamika mgongo, macho, kifua. Mie nilijisifia kwamba sisikii kitu.

Na kweli sikusikia. Hata choo kilipotoka cheusi kama lami, sikuwa na maumivu, nikamalizia geti la alhaji mmoja kwanza. Kesho yake kizunguzungu kikanibwaga juu ya nondo. Mke wangu akanipeleka hospitali, na njia nzima aliushika mkono wangu kama wa mgonjwa mahututi. Hapo ndipo nikaogopa.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Aliniamkia vizuri, kisha akanipa habari bila kuzilainisha. Nina kidonda tumboni na kinavuja damu. Niache aspirini, nimeze dawa zake, nile kwa wakati. Kikikataa kufunga, napasuliwa. Fundi aliyepasuliwa tumbo hanyanyui tena geti la chuma, hilo nililijua bila kuambiwa.

Nikambishia. Kidonda gani hakiumi? Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaugeuza. Kidole changu cha shahada kilikatwa na bati zamani, mshipa wa fahamu ukakatika, ncha ikabaki haisikii moto wala sindano.

"Baba, ukiungua hapa unapona lini?"

"Hicho? Hata mwezi."

"Na dole gumba?"

"Siku chache tu."

"Mkono mmoja, fundi mmoja. Kwa nini?"

Nikasema kwa sababu kidole hicho hakijui kukwepa. Akasema hiyo ni nusu ya jibu. Mshipa unaosikia maumivu haupigi kelele tu, unaita damu pale palipoumia, na tumboni unaita ute uje ufunike ukuta. Ukizidi ukali nao unaleta balaa, uvimbe unawaka zaidi. Lakini ukinyamaza kabisa, kidonda kinakaa kama yatima. Zile aspirini, akasema, zilikuwa zinakwangua ukuta wa tumbo na papo hapo zinaniziba masikio nisijue.

Shule sina, lakini kidole ni changu. Nikaelewa.

Nilipofika nyumbani nikalimwaga kopo zima chooni, mke wangu amesimama mlangoni anaangalia.

"Kumbe leo umeolewa na tumbo," akasema.

"Nimeolewa," nikamwambia. Akacheka, mara ya kwanza wiki ile, akaenda kupika uji.

Siku chache baadaye maumivu yakarudi, saa nne asubuhi, chini ya chembe ya moyo. Nilitokwa jasho, lakini moyoni nilifurahi kama mtu aliyesikia hodi ya ndugu aliyemdhani amekufa. Kila yalipobisha nilizima mashine, nikala, na dawa za daktari sikuziruka. Yakaanza kupungua, wiki baada ya wiki. Niliporudi kwa yule binti, akanipima, akasema damu imekoma na kisu hakihitajiki.

Siku iliyofuata, mteja alikuja asubuhi kulifuata geti lake, nami nilikuwa nimebakiza bawaba moja. Tumbo likanichoma kidogo. Nikavua miwani, nikaketi, nikafunua bakuli la viazi. Akauliza vipi, fundi, mbona unakaa na kazi imebaki kidogo tu.

Nikamwambia asubiri, nimeitwa. Nikala, nikamalizia bawaba, kisha mie na yeye tukalinyanyua lile geti, nikashika upande mzito.