Somo wa Mama kwenye Simu ya Upepo

Watu wakibishana mbele yangu kama bima ya afya ya umma ilipie matibabu kwa njia ya simu, huwa nawasikiliza mpaka wamalize. Mimi nasema ilipie. Wakiniuliza kwa nini, inabidi nieleze habari za mama, na nieleze taratibu, maana asiyeijua pwani yetu anaweza asielewe tatizo lilikuwa nini.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi Temeke, katika kiwanda cha shirika moja la umma. Shirika lilikuwa na mpango wa matibabu uliomlipia mfanyakazi na wazazi wake, kwa sharti moja: kila mwezi mgonjwa aonekane na daktari, yeye mwenyewe, ndipo apewe dawa. Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo na alikaa Kimbiji, kijiji cha wavuvi ng'ambo ya kivuko. Kila mwezi alipanda pikapu ya wanunuzi wa kamba wa baharini, akakaa kati ya masanduku ya barafu, akarushwarushwa mpaka kwenye kivuko, akafika kwa daktari akiwa hoi kuliko alivyotoka. Alipewa dawa zilezile, akarudi. Safari moja alilala kwangu wiki nzima, hawezi kusimama. Daktari akaniambia, "Barabara hii itamuua kabla ya moyo."

Sikulia. Nilikwenda kazini, nikawafundisha wafanyakazi wapya namna ya kutumia mashine, nikarudi, nikalala. Umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Nilikuwa hivyo, ila mwili mzima.

Mwenye pikapu, mfanyabiashara wa Kihindi, alikuwa na simu ya upepo, redio ya kusemeana: moja kwenye ghala lake Kimbiji, nyingine ofisini kwake mjini, Mwenge. Aliitumia kuulizia kamba; msemaji akimaliza husema "ova", ndipo mwenzake ajibu. Akasema na sisi tuitumie. Daktari akakubali: mama ajieleze hewani, dawa zipelekwe na pikapu. Akabaki afisa wa matibabu wa shirika, mtu mwema lakini mwoga wa lawama.

"Nitamlipia vipi mgonjwa asiyeonekana?" akasema. "Haya, nitakuja nisikilize. Nikiridhika, sawa."

Tukakusanyika Mwenge.

"Shikamoo, mama," daktari akasema. "Ova."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?" Kijana mmoja wa kule akasikika akimwambia, "Sema ova, bi mkubwa." Mama akasema, "Haya, ova."

"Hatujambo. Wewe unaendeleaje? Ova."

"Sijambo kabisa, alhamdulillahi. Ova."

"Na miguu? Ova."

"Miguu ipo, daktari. Ova."

Vijana wa kamba wakacheka huko ghalani.

"Ukilala unapumua vizuri? Ova."

"Tunalala, tunaamka, tunamshukuru Mungu. Ova."

Afisa akanigeukia, akasema kwa upole, "Mgonjwa mwenyewe anasema hajambo. Nilipie nini?"

Kumbe hata chumbani kwa daktari mama alijibu hivyohivyo miaka yote. Mtu mzima hajibu salamu kwa manung'uniko. Tofauti ni kwamba kule chumbani maneno yalisema hajambo, na miguu iliyovimba ikasema yake. Hewani maneno yalisafiri peke yake.

Jumamosi nikaenda Kimbiji, nikamweleza kama nilivyokuwa nawaeleza wanafunzi wangu wa kiwandani. "Mama, salamu ni salamu. Zikiisha, sema maradhi."

"Mie? Mwanaume yuko hewani, vijana wa kamba wametega masikio, nianze kuwatangazia usiku natoka nje mara ngapi? Hivi kweli umesoma, wewe?"

Mlangoni alikuwa amekaa somo yake, bibi aliyemfunda alipovunja ungo, na ambaye tangu hapo ndiye aliyemsemea mambo ya ndani yasiyosemeka na mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Nitamsemea mie," akasema. "Siku ya harusi yake wakwe nilisema nao mie. Daktari ni nani?"

Nilimbembeleza afisa, akaja tena. Mama akasalimu, akasema hajambo. Kisha ikaingia sauti nyingine.

"Salamu zimekwisha? Haya. Mie somo yake. Miguu imevimba, nikibonyeza kidole panabaki shimo kama kwenye unga uliokandwa. Usiku halali, anakaa kitako anatafuta pumzi. Na chumvi haachi. Jana nimemkuta na papa mkavu."

"Somo, jamani," mama akasikika kwa mbali.

"Nyamaza, nasema na daktari. Ova."

Daktari alikuwa anaandika haraka. Afisa alicheka mpaka akafuta macho. "Huyu sasa nimemwona," akasema, na dawa zikalipiwa.

Mama hakupanda tena pikapu. Alikwenda hadi kwenye harusi za majirani. Kazini tulianza kusikia kwamba shirika litauzwa; nilisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Siku moja ya simu, tukiwa Mwenge, daktari akasalimu kama kawaida. Aliyeitikia alikuwa somo.

"Salama, mwanangu. Ova."

"Mgonjwa wetu anaendeleaje? Ova."

"Hajambo. Anamwita mwanawe. Aje leo. Ova."

Daktari akashika kalamu. "Na miguu? Ova."

"Miguu ipo, daktari. Ova."

Kwetu msiba hautupwi hewani. Mtu huitwa nyumbani kwanza, akaambiwa akiwa katikati ya watu. Na bibi yule hakuwahi kulijibu swali la miguu kwa kifupi namna ile. Daktari alikuwa bado ameinamia karatasi. Nikachukua kipaza sauti.

"Shikamoo, bibi. Nakuja. Ova."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo taratibu. Ova."

Dawa za mwezi ule zilikuwa mezani, zimeshalipiwa. Nikazibeba, sijui kwa nini. Pikapu ilikuwa inaondoka, nikapanda nyuma, nikakaa kati ya masanduku ya barafu.