Mama Mkwe na Tanuri la Pili

Wanaume wengi hulalamika kwamba mama mkwe amewakalia kichwani. Wangu alinikalia kichwani kweli, tena kwa mshahara. Alikuwa dereva wa kreni katika kiwanda cha kuyeyushia shaba, na mimi ni mtu wa tanuri, chini yake. Yeye ndiye aliyeinyanyua ndoo ya shaba iliyoyeyuka kutoka tanurini na kuipeleka kwenye kalibu. Tunaiita ndoo kwa mazoea tu, maana gari dogo lingeingia humo pamoja na dereva wake.

Kiwandani wanamwita Mama Kengele. Kwenye kibanda chake kule juu, karibu na paa, kulikuwa na kengele inayopigwa kwa mguu. Kabla ya kunyanyua ndoo aliipiga, nasi watu wa sakafuni tukarudi nyuma ya mstari mwekundu na kila mmoja akainua mkono. Kelele za tanuri haziruhusu mtu kusema "niko salama," kwa hiyo mkono ndio uliosema. Mama Kengele alitazama mikono. Ikitimia, alinyanyua. Isipotimia, hata angekuja mkurugenzi na tai yake, ndoo haikuondoka.

Mimi niko hai kwa sababu ya ukaidi huo. Nilikuwa mgeni kazini, kijana wa kujifanya najua, na siku moja ya joto kali nilikataa kunywa maji kwa sababu wakubwa zangu nao hawakunywa. Nikazimia nyuma ya nguzo, mahali ndoo inapopita. Kengele ikalia, mikono ikainuka, wangu haukuwepo. Msimamizi wetu, mzee tunayemwita Moshi kwa sababu ya sigara zake, alipunga mkono kwa hasira kumwashiria anyanyue, shaba inapoa. Mama Kengele akazima kreni, akafungua dirisha, akakunja mikono kifuani. Ndipo wakanitafuta. Nilipozinduka nilimwona kule juu, bado amekunja uso, kana kwamba nimemharibia zamu kwa makusudi.

Nilikwenda kwake kumshukuru. Mlango ukafunguliwa na binti yake. Yaliyofuata ni hadithi ndefu, lakini kwa kifupi mama yule aliniokoa, kisha akanipa mke, na mpaka leo sijui kipi nimshukuru kwanza. Mke wangu anasema hilo si swali la kuuliza mezani.

Miaka ikapita na magoti ya Mama yakaanza kumsaliti. Nyumbani alipotaka kuinuka kitini, alijifanya anatafuta kitu chini ya meza mpaka mtu amshike mkono. Kiwandani kulikuwa na ile ngazi ya chuma ya kupandia kibandani. Ilikuwa ya kizamani, imelala kidogo, na katikati yake palikuwa na kijukwaa ambapo alisimama akijitia kukagua nyaya za kreni, kumbe anavuta pumzi.

Sasa sikiliza adabu ya wanaume wa tanuri. Hakuna aliyeitisha kikao wala kumnong'oneza mwenzake, lakini kila Mama alipoanza kupanda, zamu nzima iliinama kufunga kamba za buti. Mzee Moshi aliinama, mimi niliinama, na hata yule fundi mitambo ambaye buti zake hazina kamba aliinama akakuna kifundo cha mguu. Tulifunga na kufungua na kufunga tena mpaka tuliposikia mlango wa chuma wa kibanda ukibamizwa. Hapo ndipo tulipoinua vichwa, kila mtu akijitia hamnazo.

Kisha kampuni ikatangaza mpango wa upanuzi. Mgodi ulio juu ya kilima ulikuwa umepata mwamba mpya, mawe yalikuwa yanarundikana uwanjani kwetu, na tanuri moja halikuwa likitosha. Litajengwa la pili kando ya la kwanza, shaba itoke mara mbili ya ile ya zamani. Mhandisi wa upanuzi, kijana mpole anayekunywa chai kwenye kikombe cha bati kama sisi, alikuja kantini na ramani yake akaitandaza juu ya meza kati ya vikombe.

Tulifurahi, sitaficha. Tanuri la pili ni zamu zaidi na ajira zaidi, na mitaa yetu ilikuwa imejaa vijana wanaoshinda wakihesabu magari barabarani. Lakini mhandisi akasema pia kwamba kusubirisubiri kutakwisha. Madereva wa kreni watapanda na kushuka mara nyingi zaidi kwa zamu, na kabla tanuri jipya halijawashwa, daktari wa kiwanda atawapima kwa kuwapandisha ngazi. Atakayeshindwa atapewa barua ya kupumzika.

"Na kreni ya tanuri jipya itaendeshwa kutoka sakafuni, kwa rimoti," akaongeza. "Natafuta dereva mzoefu wa kujifunza na kuwafundisha wengine. Nilimfikiria Mama Kengele."

"Yule usimguse," alisema mzee Moshi haraka. "Yule hashuki. Ukimwambia ashuke utakuwa umemtukana."

Sote tukaitikia kwa vichwa, na mimi zaidi ya wote. Mhandisi akaifuta alama fulani kwenye ramani yake.

Jioni ile Mama, ambaye habari za kipimo cha ngazi zilikuwa zimeshamfikia, alikuja kwetu. Alikaa kwenye kochi, akanyoosha miguu, akamwambia binti yake kwa sauti ya utani, "Unga wangu unakaribia kumwagika, mwanangu. Nitahamia hapahapa kwenye kochi, niwe namtazama mkwe wangu akila."

Mke wangu alicheka. Mimi nilicheka kwa meno tu. Si kwamba ningemnyima kochi. Ningempa kitanda changu nikalala jikoni. Lakini nilimwona alivyokuwa akiikanda ile miguu, na nikajua kwamba mama huyu hakuwa anaogopa njaa. Aliogopa kuamka asubuhi asiwe na mikono ya kutazama.

Usiku huo mke wangu akanibana. "Wewe ni mjumbe wa wafanyakazi. Mwambie mhandisi magoti ya Mama ni mabovu, amtafutie namna."

"Mimi nisimame mbele ya watu nizungumzie magoti ya mama mkwe wangu?"

"Magoti si aibu, baba watoto."

"Yako si aibu. Ya mkwe ni aibu."

Kikao kilichofuata mhandisi akauliza kila idara ina ombi gani kabla ujenzi haujaanza. Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikapiga moyo konde, na jicho langu likaangukia kwa Mama, amekaa mstari wa mbele na mkoba mapajani. Ulimi ukakwama. Nikasema kitu cha kwanza kilichopita karibu na magoti.

"Ngazi. Ile ngazi ya kreni, Mhandisi. Imechoka sana."

Mhandisi akashukuru kwa dhati. Mke wangu nilipomweleza nyumbani alinitazama kwa muda, akaendelea kukunja nguo.

Basi kampuni yenye fedha za upanuzi haicheleweshi mambo. Haukupita muda wakaja mafundi wa kuchomelea, wakaing'oa ngazi ya zamani na kuweka mpya. Ilikuwa imepakwa rangi ya njano, imezungushiwa vyuma vya kinga, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Ilikuwa pia imesimama wima, na kile kijukwaa cha katikati hakikuwepo tena. Nilipoiona nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nilikuwa nimemtafutia mama mkwe wangu ukuta wa kupanda.

Mama aliingia zamu, akaitazama ngazi kuanzia chini hadi juu, akanitazama mimi. Akavaa glavu, akashika chuma, akaanza. Zamu nzima ikainama kwenye kamba za buti.

Tulifunga. Tulifungua. Tukafunga tena. Mlango wa kibanda haukulia. Tanuri lilikuwa limeiva na shaba ilikuwa tayari, lakini hakuna aliyethubutu kuinua kichwa. Mgongo ukaanza kuniuma. Nikawaza kwamba mwanamke huyu aliwahi kusimamisha kiwanda kizima kwa ajili yangu bila kujali nani atamkasirikia, na mimi nashindwa hata kumtazama kwa sababu ya adabu. Nikasimama wima.

Alikuwa katikati ya ngazi, amekumbatia vyuma kwa mikono yote miwili, hapandi wala hashuki. Miguu ilikuwa inamtetemeka.

Nilikimbia mpaka chini ya ngazi, nikapaza sauti kuliko nilivyowahi kupaza kazini. "Mama! Shuka, Mama. Shuka polepole, nipo hapa."

Alishuka hatua kwa hatua, na mimi nikamwelekeza pa kuweka mguu, kushoto, kulia, nikitaja miguu ya mama mkwe wangu mbele ya zamu nzima. Alipofika chini nilimshika mkono, naye hakuuondoa. Mhandisi alikuwa ameshafika, na nyuma yake mzee Moshi, ambaye alikuwa ameamuru tanuri lipunguzwe moto hata kelele zikashuka, sigara imezima mdomoni.

"Mhandisi, mwanangu," Mama alisema huku akihema, "ngazi ya kwanza haikuwa na kosa. Hata hii haina. Magoti yangu ndiyo mabovu. Mkwe wangu anayajua vizuri, ila adabu imemziba mdomo. Na hawa wenzake wote wanajua. Unafikiri mimi siwaoni kutoka juu? Kila nikipanda naona migongo. Hakuna watu duniani wenye kamba za buti mbovu kama hawa."

Zamu ikacheka, kila mtu akitazama pembeni. Mhandisi hakucheka. Aliuliza kwa upole, "Mama, kwa nini basi niliambiwa hutaki rimoti?"

"Rimoti gani? Nani kaniuliza?"

Hapo tena sote tukazitazama buti zetu. Mzee Moshi ndiye aliyeondoa sigara mdomoni akakiri kwamba yeye ndiye aliyejibu kwa niaba yake, na sisi tukaitikia. Tulimheshimu mno kiasi cha kutomuuliza.

Nilitegemea atuchambue mmoja mmoja, na tulistahili. Badala yake akamgeukia mhandisi. "Nikiwa hapa chini, mikono nitaionaje?"

"Nitakujengea jukwaa. Vipandio vichache, na mahali pa kushika. Utaona watu wote."

"Na kengele?"

"Itahamishwa."

"Na nikisubiri mikono, hutanipigia kelele za muda?"

Mhandisi alilitazama tanuri, akatutazama sisi. "Hapana, Mama. Muda huo wa kusubiri tutauweka kwenye hesabu ya kazi."

Siwezi kueleza shukrani niliyokuwa nayo kwa yule kijana. Angeweza kuandika barua ya kumpumzisha akaenda zake kula. Alijenga jukwaa, na Mama akaingia darasani, akarudi kila jioni akilalamika kwamba vifungo vya rimoti vimetengenezwa kwa vidole vya watoto. Mke wangu alimkanda magoti, mimi nikamuuliza maswali ya mtihani, na nyumba yetu haikuwahi kuwa na vicheko kama majira yale.

Siku ya kuwasha tanuri la pili walikuja wakubwa wenye kofia ngumu ambazo hazijawahi kuona vumbi. Kulikuwa na watu wapya pia, vijana wa mitaani kwetu, ovaroli zao bado na mikunjo ya dukani. Mama alipanda vile vipandio vichache akiwa ameshika chuma, na hakuna mtu aliyeinama. Tulimtazama wote mpaka alipofika. Akajifunga rimoti kiunoni, akapiga kengele.

Tulirudi nyuma ya mstari. Mikono ikainuka, ya wazee na ya wageni. Wakubwa nao, baada ya kutazamana, wakainua yao. Ndoo ilikuwa imejaa, inang'aa, na mnyororo umekazwa.

Mama hakunyanyua.

Alipitisha macho mstari wote taratibu, na macho hayo yakanikuta mimi. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na jukwaa, glavu zote mbili usoni, nafuta machozi.

"Mkwe," aliniita, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale niliisikia sauti yake katikati ya kelele za shaba. "Miaka yote hapa kazini nimekujua kwa utosi wa kofia. Kumbe una uso wa kulia hivi. Mkono wako uko wapi?"

Niliuinua. Naye akainyanyua ndoo.