Wimbo Ule Hauondolewi

Samaki wa Pweto, kule ziwani, hawabishi hodi. Kambo, ndivyo tulivyomwita mama yake baba, alikuwa hajashuka vizuri kwenye lori, na harufu ya samaki wake wa kukaushwa kwa moshi ilikuwa imeshaingia mpaka vyumbani, imekaa kwenye mapazia na kwenye sare zetu za shule. Naisikia harufu hiyo kila nikikaa kuandika, na wiki hii nimeisikia kwa hasira. Mhariri mmoja wa hapa hapa Lubumbashi anataka kuchapa hadithi yangu fupi katika kitabu cha waandishi mbalimbali, ila ameweka sharti: wimbo ulio katikati uondolewe. "Mama, hii hadithi iko muzuri kabisa," aliniambia kwenye simu. "Wimbo njo unaisimamisha. Tuutoe tu, itatoka." Miaka yote ya kuandika, sijawahi kukaribia kitabu namna hiyo. Nikamjibu kwamba nitafikiri.

Msimu ule Kambo alipokuja, mvua zilikuwa zimekolea, barabara ya mtaa wetu ilikuwa tope jekundu, na akina mama walipanga uyoga wa porini kando ya njia. Baba alifanya kazi kwenye karakana ya reli na alivipenda vitabu vya Kifaransa kupita kiasi. Alivivalisha magazeti visichafuke, na redio ya jirani ikianza rumba alifunga dirisha ili tusome. Shuleni kwa masista nako tulifundishwa kusikiliza kwa namna moja tu: mikono imekunjwa kifuani, mgongo wima, mdomo umefungwa. Kwa hiyo jioni ile, tulipomaliza bukari, ugali wetu, na wale samaki, Kambo akasema atatupa hadithi, baba alitupanga mkekani kama darasani. "Muheshimu kambo yenu," alituonya. "Sitaki kusikia hata sauti moja." Jamani, tuliheshimu mpaka basi!

Hadithi yenyewe ilikuwa ya korongo aliyembeba mtoto mgongoni kumvusha ziwa. Akifika upande wa pili hawezi kutua mpaka watu wa ufukweni wauitikie wimbo wake. Kambo akaimba. Sisi kimya, mikono kifuani. Akaimba tena, polepole, akitutazama mmoja mmoja. Kimya. Kwao Pweto, wanaosikiliza ndio watu wa ufukweni, na wakinyamaza wamemkataa mtoto na msimuliaji pia. Sisi tungejuaje? Kambo akakatisha wimbo. "Juu ya nini munaninyamazia? Nani alikufa mu hii nyumba? Mutoto angali kule juu!" Akainuka, akaenda kulala, na mtoto wa watu akabaki hewani.

Asubuhi tulimkuta anafunga mzigo. Baba alimsihi, akamweleza mambo ya shule, akaapa kwamba tulinyamaza kwa heshima. "Heshima ya namna gani hiyo?" Kambo alijibu bila kumtazama. "Mi narudia kwetu. Kule bantu banaitika." Nilimpenda sana bibi yule, na yule mtoto aliyeachwa juu ya maji alikuwa hajanitoka kichwani. Nikasimama mlangoni, mbele ya baba, nikaimba maneno ya mwisho ya ule wimbo jinsi nilivyoyakumbuka, kwa sauti mbaya ajabu. Kambo aliacha kamba. "Ee, mukewenza wangu! Na hiyo sauti ya chura, korongo si atakimbia?" Alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo wake. Halafu akaanza upya, nami nikaitikia, wadogo zangu wakaitikia, mama akaitikia toka jikoni. Korongo akatua. Baba alibaki amesimama, kofia mkononi, na siku hiyo alichelewa kazini.

Mhariri wangu anasema wimbo unasimamisha hadithi. Ni kweli kabisa, unaisimamisha! Inasimama ili imsubiri anayesoma afungue mdomo. Asiyetaka kusubiriwa akasome kitu kingine. Utotoni nilinyamazishwa na watu waliokuwa na nia njema, na ilinibidi nisimame mlangoni mbele ya baba ili niwakaidi. Leo nina mvi, mhariri naye ana nia njema, lakini sinyamazishwi tena. Jana nilimpigia simu, nikamwambia anirudishie hadithi yangu.

"Mama, hicho kitabu si utakikosa?"

"Nitakikosa, baba."

Inaniuma, tena sana. Nilikuwa nimeshawatangazia majirani, na sasa itabidi niwaambie hakuna kitabu. Basi nitawaambia. Leo asubuhi nimeanza hadithi nyingine, na hiyo ina nyimbo tatu.