Mmea wa Kinyozi

Kinyozi wa pale kona hana mchezo na mmea wake, ule unaotambaa juu ya kioo na kuning'inia hadi masikioni mwa wateja. Kila asubuhi huchomeka kidole kwenye udongo, kisha hutangaza: "Bado una unyevu. Mtu asiumwagilie! Mmea huu haufi kwa kiu, unakufa kwa huruma za watu."

Leo aliacha kichwa cha mteja nusu, akampigia bintiye aliyehamia mjini juzi. "Baba, nimeshakula. Uliniuliza asubuhi. Nitakupigia mwenyewe jioni."

Simu ikakatika. Akachomeka kidole, akakuta udongo umelowa, akachukua kopo na kuumwagilia tele.

"Fundi, si ulisema..."

"Tulia, nisije nikakukata sikio."