Jibu la Akinyi

Kuna mchana mmoja wa usichana wangu, mwanangu Chepkoech, ambao mpaka leo haujanitoka moyoni. Wiki ijayo unaanza kufundisha hesabu, na mimi nyanya yako nimefurahi kweli. Ila kabla hujashika chaki, kaa hapa karibu na jiko nikusimulie habari ya Akinyi.

Tulikuwa darasa moja katika shule ya mashamba ya chai, huku Mogogosiek. Baba yake alikuwa fundi wa mashine kiwandani, Mjaluo wa kutoka ziwani. Sisi tulikuwa wenyeji, wenye ng'ombe na kipande cha chai ng'ambo ya barabara. Akinyi alinifundisha kula samaki bila kukwamwa na mwiba. Mimi nikamzoesha mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, ambayo mwanzoni aliyameza amefumba macho. Aliniita osiepna, yaani rafiki yangu kwa lugha ya kwao.

Mwaka huo shule ilitakiwa kumpeleka mtoto mmoja Kericho kwenye mashindano ya hesabu. Sote wawili tulitamani. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Kericho bila kuwa mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Mwalimu Rono akaandika fumbo ubaoni: kitalu cha miche kina pande nne na kona za pembe mraba, na urefu na upana wake ni namba kamili za mita, bila nusu wala robo. Hesabu mita za ua wa kukizunguka, kisha mita za mraba zilizo ndani, utapata namba ileile. Urefu na upana ni ngapi? Atakayepata kwanza ndiye atakayekwenda.

Nikainua mkono. "Nne kwa nne, Mwalimu. Ua kumi na sita, ndani kumi na sita."

"Vizuri sana! Tumemaliza."

Akinyi akasimama. "Mwalimu, mimi nimepata sita kwa tatu."

"Kaa chini, Akinyi. Jibu tayari tunalo."

Darasa likacheka. Nikachukua penseli, nikaipiga hesabu yake. Ua, kumi na nane. Ndani, kumi na nane. Kumbuka, mwanangu, Kericho ilikuwa imeshakuwa yangu. Lakini tulikaa dawati moja, na nilimsikia akipumua kama mtu anayezuia kilio. Nikasimama.

"Mwalimu, yake pia ni sawa."

Mwalimu Rono aligeukia ubao, akaandika, akafuta, akaandika tena. Alikuwa mkali yule, hata wazazi walimwogopa. Tulingoja kiboko.

"Nyamazeni nyinyi mnaocheka," akasema. "Mimi nilipata jibu la kwanza nikaacha kutafuta. Akinyi, nisamehe."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha.

Akatutuma sote wawili tutafute kama kuna la tatu. Tulikaa kwenye nyasi, chakula kikapoa. Mimi nilijaribu namba mojamoja. Akinyi akaona mbali zaidi: upana ukiwa mita moja au mbili, ua utazidi tu, hata ukirefusha kitalu mpaka Siongiroi, na pande zote zikipita nne, ndani kutazidi ua; upana wa tatu unakubali urefu wa sita tu, na wa nne unakubali nne tu. Basi ni majibu mawili tu. Tulicheka mpaka tukalala chali. Kwa hoja hiyo, yeye ndiye aliyekwenda Kericho, na mimi ndiye niliyemsuka nywele za safari.

Muhula ulipokwisha, baba yake alimaliza kazi na nyumba ya kampuni ikatakiwa. Lori likapakiwa magodoro na kuku. "Utakuja kwetu," Akinyi aliniambia. Nikamjibu, "Nitakuja." Hatukuulizana huko kwao ni wapi hasa.

Nimeolewa, nimezaa, nimemzika babu yako. Nimepata marafiki wema kanisani. Lakini hata sasa, nikisikia mama wa rika langu akiongea Kijaluo sokoni, nasimama nimtazame usoni. Sijapata tena mtu wa kubishana naye siku nzima, jioni ikafika tukiwa tunapendana zaidi ya asubuhi.

Kwa hivyo, mwanangu, mtoto akikuletea jibu usilolitarajia, usimkalishe. Lipigie hesabu kwanza. Likiwa na kasoro, mwonyeshe pole pole mahali lilipopindia. Likiwa zuri, liseme mbele ya wote. Na ukimpata mtu anayeona upande usiouona wewe, mpende angali karibu, usidhani barabara iliyomchukua itakurudishia.

Mungu akutangulie darasani, akupe sikio la kusikia hata sauti ndogo ya dawati la nyuma. Watoto wakusalimie kwa furaha mpaka uzeeni. Haya, nenda na baraka zangu zote.