Tuta la Romani

Ekseli ya lori ilivunjika Mtoni, kabla hata hatujaiacha Temeke vizuri nyuma yetu. Nilikuwa naelekea Kilwa. Dereva alijilaza chini ya gari, akachungulia, akatoka akitikisa kichwa: chuma kingine kitapatikana mjini, labda wiki ijayo, Mungu akipenda. Abiria wenzangu waligeuza njia kwa miguu. Mimi nilibeba begi langu, nikafuata njia ya mchanga katikati ya mikorosho nikitafuta maji ya kunywa, nikatokea makaburini.

Ndivyo nilivyodhani. Yalikuwa matuta mafupi, urefu wa mtu mzima aliyelala, safu kwa safu, na kichwani mwa kila tuta kigingi kilichopakwa chokaa. Nilivua kofia. Ndipo nikaona kwamba juu ya kila kaburi umeota muhogo.

"Shikamoo, mzee. Vaa tu kofia yako," ilisema sauti nyuma yangu. "Si wewe wa kwanza."

Alikuwa kijana wa Bukoba, Kasiani, mwanafunzi wa kilimo wa chuo kikuu. Alinipa maji na pahali pa kulala katika kibanda chake, na kabla jua halijazama nilikwisha kuijua aibu yake. Kimbunga kilipoipiga Lindi mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na mbili, mashamba yaling'olewa, na mbegu ya muhogo ikaadimika. Chuo kikamtuma aje kujaribu aina mbalimbali hapa karibu na bandari, awaite watu waone, wachukue, na nyingine ipelekwe kusini. Kila aina aliipa matuta yake mafupi ili zisichanganyike, na kila tuta kigingi chenye namba.

"Nilipima kwa kamba, mzee," alisema. "Nikapima vizuri sana. Nikapima kaburi."

Watu wa Mtoni hawakuja kuchukua mbegu. Walizunguka mbali, hata wanawake wenye ndoo kichwani. Aliyekubali kulima pale alikuwa mmoja tu: Demetria, Mmwera wa Lindi, ambaye Kasiani alimwita Mama Anjelina kwa jina la binti aliyebaki kwa bibi yake kusini.

Nilikutana naye asubuhi akipalilia. Mwembamba, mwepesi wa mkono, mzito wa maneno. Mchana upepo ulitulia, majani ya mikorosho yakanyamaza. Demetria akatupa jembe.

"Ingieni ndani," alisema. "Ingieni!"

Kasiani aliingia bila kuuliza, nami nikafuata. Tulikaa kibandani, Demetria akiwa ameshika mwimo wa mlango, mpaka makuti yalipoanza tena kuchezacheza.

"Kule kwetu kilivuma, kikavuma, halafu kikanyamaza," aliniambia, bila kunitazama. "Hatukuwahi kuona kitu kile. Tukasema kimekwisha, tukamshukuru Mungu. Mume wangu akasema, ngoja nikaone shamba. Jua lilitoka, Baba, jua kabisa. Kisha upepo ukarudi kutoka upande mwingine."

Mumewe, Romani, hakuonekana tena. Wala mwili, wala nguo. Watu wa kwao walitaka kuondoa tanga, msiba uishe, yeye akakataa: tanga la nani, na kaburi liko wapi? Akaja mjini na wenziwe. Siku aliyofika kwenye shamba la Kasiani alitembea kati ya yale matuta, akasimama kwenye la mwisho upande wa baharini, na tangu hapo hakuna mwingine aliyelipalilia. Alilizungushia makome. Kwenye kigingi alifunga ukanda wa kanga. Jioni nilimsikia akizungumza pale kwa Kimwera, akinyamaza kama anayejibiwa, akizungumza tena. Lugha zangu si chache, lakini ile sikuijua, nami nilishukuru kutoijua.

Sasa siku ya kuvuna ilikuwa imefika. Meli ya kumrudisha Demetria Lindi na mbegu ingeondoka keshokutwa yake, na mvua za kusini zilikuwa karibu. Mama yake Demetria alikuwa ametuma salamu kwamba Anjelina anakula ming'oko, viazi vya porini. Mbegu ilipaswa kufika sasa au kungoja mwaka mzima.

"Matuta yote, Mama Anjelina," alisema Kasiani, akiangalia chini. "Na lile."

"Mengine yanatosha."

"Majani yanadanganya, mama. Ugonjwa wenyewe unajificha kwenye kiazi. Mpaka ukate uone. Lile likiwa na doa, aina ile yote haiendi. Ukiificha, utapanda doa kwenu."

"Mtu hakatwi kisu ili aonekane ndani."

Demetria alikaa juu ya mchanga kando ya tuta, mikono magotini. Tungekuwa pale mpaka leo kama si Mwajabu.

Mwajabu alikuwa Mzaramo wa jirani, muuza vitumbua, mtani wa Demetria kwa utani ule uliozaliwa mjini, kati ya wenyeji na wageni wa kusini. Alikuwa akimtania toka barabarani tu. Mguu wake haukuwahi kukanyaga shamba lile. Siku hiyo alivuka, akakunja kanga, akajilaza chali juu ya tuta la Romani.

"Sogea huko, mume wangu!" alipiga kelele. "Huyu mkeo anakusumbua kila siku na maneno. Mie nimekuja kulala tu."

"Mwajabu, toka!" Demetria aliruka.

"Sitoki. Mie mtani. Mtani hatoki kaburini mpaka apewe haki yake. Mlipomzika kwenu, mtani alipewa nini?"

"Hatukumzika."

Mwajabu aliinua kichwa. Sauti yake ilishuka.

"Hamkumzika? Ndo maana kawa mkulima wa serikali. Basi tunamzika leo. Lia, wewe. Lia vizuri, sio kama paka."

Demetria akacheka, kicheko kibaya kilichogeuka kilio. Mwajabu aliamka, akamshika, akalia naye, huku akiendelea kumtukana marehemu kwa uvivu. Walipomaliza, Demetria alichukua panga, akakata miti ya muhogo mmoja mmoja, akailaza kwenye mkeka. Kisha akapiga magoti, akachimba kwa mikono.

Katikati ya kazi upepo ulitulia. Sote tulimtazama. Alisikiliza, mikono ndani ya mchanga, uso umemkauka. Hakutuambia tuingie. Akaendelea kuchimba.

Viazi vilitoka vinene. Alikata cha kwanza: cheupe. Cha pili, cheupe. Cha tatu kilikuwa na madoa ya kahawia kama vidole vichafu, kimekauka ndani. Na cha nne. Kasiani alifumba macho. Demetria aliinama akatazama ndani ya shimo kwa muda mrefu, mpaka chini kabisa, ambako hapakuwa na kitu ila mchanga na maji yaliyoanza kujikusanya.

"Hayumo," alisema.

Mwajabu alichukua kile kiazi, akakata penye doa, akatafuna palipobaki. Ilikuwa haki yake.

Aina ile ilichomwa yote. Demetria mwenyewe aliwasha moto. Ukanda wa kanga aliufungua kwanza, kisha akabadili mawazo, akautia motoni. Viazi vya matuta ya safu ya katikati, ya aina isiyozaa sana, vilikatwa na kuonekana vyeupe hadi cha mwisho. Mbegu za aina hiyo, vipande vya miti yake, ndizo Demetria alizofunga katika magunia yaliyoloweshwa maji. Asubuhi ya safari majirani walikuja kuomba mbegu, wengi kuliko Kasiani alivyopata kuota. Kila mmoja alilizunguka lile shimo.

Gari la chuo lilikuja kumpeleka Demetria bandarini. Mwajabu alimtupia vitumbua dirishani, akamwambia asiolewe Lindi, kwa kuwa yeye ndiye mke mkubwa. Demetria aliketi nyuma, kati ya magunia, mkono mmoja juu ya gunia moja, wa pili juu ya jingine.

"Dereva," alisema, "taratibu, baba. Macho ya mbegu yatavunjika."

Gari liliondoka polepole, likapotea kwenye mikorosho. Ekseli yangu ilikuwa bado mjini. Kasiani alinipa jembe, akashika lake, tukaenda hadi kando ya shimo, tukasimama, na hakuna kati yetu aliyeanza kufukia.