Karani, Kasuku Aliyejinyonyoa Kifua

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Kitale, mwanangu, nilipoingia jikoni nikakuta manyoya ya kijivu yametapakaa sakafuni, utadhani tumechinja kuku. Yalikuwa ya Karani, kasuku wa mume wangu.

Wekesa, mume wangu, alifanya kazi ya reli, na safari nyingine zilimchukua majuma. Ndege huyo alimpata kwa rafiki wa upande wa msitu wa Kakamega, kabla hata hajanijua mimi, akamwita Karani kwa vile alijifanya mjuzi wa kila jambo. Safari hiyo aliniaga kwa maneno mawili tu: nijitunze, nimtunze na Karani. Sasa Karani alikuwa uchi kifuani, ngozi inatoka damu. Niliogopa atakufa mikononi mwangu, nami mke wa miezi minane tu.

Jirani akasema ni majira yake, mvua zimeanza na ndege wote wanajenga viota. Basi mimi, niliyekulia kwenye kuku, nikajiona daktari. Nikamwekea kikapu cha matambara ndani ya tundu, kama kuku anayetaka kutaga, nikawa nampapasa mgongo kumbembeleza. Lo, akazidi! Kila akijinyonyoa natoka mbio na mwiko mkononi, "Wacha! Wacha!" Nikamfumia hata sweta ya sufu nyekundu. Cheka tu, mwanangu. Aliifumua kwa muda mfupi, akarudi kifuani.

Ndipo mama mkwe wangu akaja kutoka Bungoma. Wazazi wangu walikuwa wametoka Nyeri kuja kulima Trans-Nzoia, kwa hiyo mimi na Mayi, ndivyo wanavyomwita mama kwao, tulielewana kwa Kiswahili. Alikaa jikoni kutwa akipukuchua mahindi, akitutazama mimi na Karani. Nikadhani ananihukumu. Jioni Karani aling'oa unyoya, akaudondosha, akanitazama, kisha akapiga kelele kwa sauti yangu mimi: "Wacha! Wacha!"

Mayi alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Mama, huyu anakuita," akaniambia. "Akinyamaza, wewe hata humusalimii. Aking'oa manyoya, unakuja mbio. Si ni wewe unamufundisha?"

"Lakini Mayi, nilimhurumia. Nilimpa hata kiota."

"Kiota, na kumupapasa mgongo, na mwenzake hayuko? Ati kila siku unamukumbusha kitu hawezi pata! Toa hiyo kikapu, bana. Mupatie kazi."

Nikatoa kikapu, nikaacha kumpapasa mgongo, na jua likitua tukamfunika mapema alale. Kazi yake ikawa gunzi la mahindi na maganda yake, alichambue kutwa. Akijinyonyoa, hatukumkimbilia. Akitulia, Mayi alipita karibu na tundu akamwambia taratibu, "Mulembe, Karani." Mulembe ni salamu ya kwao, maana yake amani. Nami nikaishika. Manyoya madogo yakaanza kuchomoza.

Wekesa aliporudi, Karani alimpokea mlangoni kwa "Wacha!" yangu, kali vilevile. Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu akajua jinsi nyumba yake ilivyosikika yeye akiwa safarini. Alicheka, nashukuru, maana alikuwa mtu wa kucheka.

Kasuku huishi sana. Miaka mingi baadaye tulimzika Mayi Bungoma, tukarudi Kitale. Tulipofungua mlango, Karani akasema taratibu, kwa sauti ya Mayi mwenyewe: "Mulembe." Wekesa aliketi hapo hapo akalia. Nami nililia, lakini moyo wangu ulikuwa umefarijika.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Aliyetulia nyumbani mwako, awe mtoto, mume au mke, msalimu akiwa ametulia. Usingoje ajiumize ndipo umwone. Na ukimhurumia mtu, tazama kwanza anakosa nini, usimpe tu kile ulichozoea kuwapa kuku wako. Sauti mbili zilibaki kwa yule ndege, yangu na ya Mayi, na hadi leo najua ni ipi ningependa iwe yangu.

Mungu aijalie nyumba yako ikukumbuke kwa salamu. Mulembe, mwanangu.